Kishindo Tulichodhani ni Nanga: Kisa cha Mashua Iliyovushwa Milima

Harufu ndiyo iliyotangulia. Haikuwa ile ya klachi iliyoungua, ambayo yeyote aliyejifunza gari mlimani anaijua. Hii ilikuwa kali zaidi, kama ya kucha zinazochomwa. Nilikuwa kiti cha abiria, nikamgeukia Nahodha. (Nahodha ni jina la utani. Ndiye mwenye mashua, na siku hiyo ndiye aliyeshika usukani wa gari.) Akasema ni lori lililo mbele yetu. Lori likakata kona likapotea, harufu ikabaki. Nilipotazama kioo cha pembeni nikaona moshi mwembamba ukitoka kwenye gurudumu la mbele la trela, upande wa kulia, ukipanda ubavuni mwa mashua.

Hatukupinduka, hakuna aliyeumia, na mashua haikupata hata mkwaruzo. Ndiyo maana naona kisa hiki kinafaa kuchambuliwa. Ajali kubwa huzika chanzo chake ndani ya vyuma vilivyokunjamana, lakini hapa kila kitu kilibaki mahali pake na tukaweza kukipima.

Msafara wenyewe

Mashua ni ya tanga, urefu mita 7.3, upana mita 2.5. Upana huo hautokani na bahati. Nchi za Ulaya kwa kawaida haziruhusu trela kuzidi mita 2.55 barabarani, na Marekani kikomo cha kawaida ni futi 8 na inchi 6, yaani kama mita 2.59. Mwunda mashua anayetaka mteja wake asafiri bila kibali maalumu hukomea hapo. Mkuku (uti mzito wa chini ya mashua) ni wa kupandishwa, hivyo safarini hulala ndani ya tumbo la mashua. Mlingoti hushushwa na kulazwa juu ya sitaha, ukichomoza omo (mbele) na tezi (nyuma). Trela lina ekseli mbili. Gari ni la magurudumu manne yote kuvuta, injini ya petroli isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia hewa), gia za otomatiki. Safari ilikuwa ya kilomita 1,400 kutoka ziwa moja hadi baharini, na katikati kulikuwa na vilele vitatu vya barabara, kirefu zaidi kikiwa mita 2,300 juu ya usawa wa bahari.

Nahodha si mzembe, na hili nalisema mapema kwa sababu wasikilizaji wengi wa kisa hiki hukimbilia kumlaumu. Wiki mbili kabla ya safari alibadilisha oili ya injini na ya giaboksi, akasafisha rejeta, akafunga kipozeo cha ziada cha oili ya giaboksi. Matairi ya trela yalikuwa bado na kashata nzuri, lakini alinunua mapya kwa kuwa ya zamani yalikuwa na miaka minane. Matairi ya trela la mashua hayafi kwa kuisha, hufa kwa uzee: mwaka mzima yamesimama juani na uzito juu yake, kisha siku moja yanadaiwa kilomita mia tano. Alijua pia kwamba injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo kule kileleni tungebaki na kama robo tatu ya nguvu tuliyoanza nayo.

Ukiisoma orodha hiyo tena utaona kitu ambacho sisi hatukukiona. Yote ni ya kupandia. Injini ikizidiwa hupiga kelele, mshale wa joto hupanda, gia hushuka zenyewe, na dereva hupata hofu mapema. Trela halina mshale wa kitu chochote. Maandalizi ya trela yalikuwa matairi, taa, na kusukuma grisi kwenye habu (vitovu vya magurudumu) mpaka ikatokeza.

Kupanda kukaenda vizuri mno. Gia ya pili, kilomita 45 kwa saa, malori yakitupita na sisi tukiyapita. Kilomita 60 za mwanzo zilikuwa zimeilegeza mikanda ya tezi, jambo la kawaida kwa sababu mashua hujikalisha upya juu ya mbao zake, tukaikaza. Nilikagua pia mnyororo wa omo, ule wa usalama, kwani mkanda wa winchi kazi yake ni kuipandisha mashua kwenye trela, na mtu anayeutegemea kuizuia isiteleze nyuma kwenye mwinuko anacheza kamari. Kwenye kilele cha kwanza tulipiga picha.

Kilomita kumi

Mteremko wa kilele cha pili ulikuwa wa kilomita 13, wastani wa asilimia 7. Nahodha alifanya lile tulilofundishwa sote: aliingiza gia ya tatu kabla ya kuanza kushuka, akaiacha injini ilishike gari. Spidi ikatulia kwenye 70. Barabara ilikuwa pana, kona chache, lami kavu. Hakukanyaga breki hata mara moja kwa kilomita nne za mwanzo, na baadaye alilirudia neno hilo kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu: "Ndugu yangu, mimi sikugusa breki." Ni kweli hakugusa. Kisa chote kimejificha ndani ya ukweli huo.

Karibu na kilomita ya nne tulisikia kishindo cha chuma nyuma, kimoja, kizito. Nikasema ni nanga, kwa sababu ni mimi niliyeipakia kwenye sanduku la omo na sikuifunga vizuri. Kilomita mbili mbele vikaja viwili vingine. Nikasema tutaifunga tukifika bondeni. Nimeifikiria sana sentensi hiyo tangu siku ile.

Kuanzia kilomita ya nane gari likaanza kuchukua spidi lenyewe. Sabini na tano, themanini. Nahodha akagusa breki, ikashika, akaachia, spidi ikarudi. Kwenye kona ndefu ya kushoto mkia wa trela uliyumba mara mbili, si sana, kama mbwa anayejikung'uta. Hapo ndipo harufu ikafika, kisha moshi. Kwenye kilomita ya kumi palikuwa na uwanja wa kando wa malori, tukaingia kwa gia ya kwanza na mguu wa Nahodha ukiwa umezama kwenye pedali.

Mambo tuliyofanya vizuri hapo ni machache, nayo ni ya kujizuia. Hatukumwagia maji, kwani chuma chenye joto la namna ile kikimwagiwa maji baridi hupasuka au hupinda. Hatukuvuta breki ya mkono ya trela, maana kubana dramu (ngoma ya chuma ya breki) iliyotanuka kwa joto ni kuialika ijipinde au ing'ang'anie ikipoa. Tuliweka magogo nyuma na mbele ya magurudumu, tukakaa mbali kidogo na chupa ya kuzimia moto mkononi. Nina kile kipimajoto cha kulenga kwa mwanga, nilikinunua kwa ajili ya injini. Nikalenga. Dramu ya mbele kulia: nyuzi 318. Ya mbele kushoto: 241. Habu za ekseli ya nyuma, zote mbili: chini ya 50.

Tofauti hiyo kati ya ekseli mbili ndiyo iliyotuambia jambo ambalo mwenye trela hakulijua kwa miaka minne: ekseli ya nyuma haikuwa na breki kabisa. Magurudumu manne, breki mbili.

Breki zinazojikanyaga

Matrela mengi ya mashua yana breki za msukumo. Kiungo cha mbele, kinachokaa juu ya tufe la kuvutia, kina sehemu mbili zinazoingiana kama darubini ya kuvuta. Gari likipunguza mwendo, trela hulisukuma kwa nyuma, sehemu hizo huingiana, zinabonyeza pistoni ya silinda, na mafuta ya breki yanabana breki za trela. Hakuna waya wala kifaa ndani ya gari. Gari lolote lenye tufe la ukubwa unaofaa linaweza kuvuta.

Sababu ya kuzipenda kwenye mashua inaeleweka ukisimama majini. Trela la mashua huzamishwa. Breki za kawaida za umeme zina sumaku na nyaya ndani ya dramu, na maji ya chumvi huzila haraka. Breki za msukumo hazina umeme wa kuliwa na chumvi. Mtengenezaji alichagua breki inayovumilia dakika kumi za majini, na uchaguzi huo ni wa haki kabisa kwa mtu anayekaa kilomita ishirini kutoka gatini.

Sasa ipeleke mlimani. Kiungo hakijui kama dereva amekanyaga pedali au ameshika gari kwa gia. Kinachokijua ni msukumo. Trela la kilo 2,620 kwenye mteremko wa asilimia 7 husukuma mbele kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 183. Toa msuguano wa matairi na upepo, zinabaki kama 130. Gari likijizuia kwa gia, nguvu hizo zinaingia kwenye kiungo, kiungo kinabana breki, na breki zinabaki zimebanwa kwa sekunde zote za mteremko, mita baada ya mita, bila kupumzika. Na kwa kuwa silinda ile imeundwa ikuze msukumo mdogo uwe ubanaji mkubwa, sehemu kubwa ya kazi ya kulizuia trela inafanywa na dramu zake. Tulidhani injini inashika vyote viwili. Injini ilikuwa inalishika gari. Trela lilikuwa linajishika lenyewe, kwa dramu mbili, na dereva anayejivunia kutogusa breki alikuwa anazikanyaga tangu kileleni.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kosa lilikuwa la udereva. Nahodha alifuata kanuni sahihi kwa chombo kisichokuwa chake. Kanuni ya kushuka kwa gia ni ya lori na ya gari tupu. Kwa breki za msukumo bado ni ya lazima, lakini hailindi kile tunachofikiri inalinda.

Hesabu ya joto

Hesabu hii niliifanya baadaye, kwa kalamu, na ndiyo iliyonitoa jasho kuliko moshi. Msafara mzima ulikuwa kilo 5,320. Mpaka uwanja wa malori tulikuwa tumeshuka mita 700. Nishati ya kushusha uzito huo kimo hicho ni megajuli 36.5, inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Sehemu ya trela peke yake ni megajuli 18.

Tukadirie kwa upole kwamba ni nusu tu ya hizo 18 iliyoishia kwenye breki za trela. Ni megajuli 9 ndani ya dakika kama nane na nusu: kila dramu ilipokea joto la zaidi ya birika nne za umeme zinazochemka kwa pamoja. Dramu moja ina chuma cha kama kilo 6. Ili chuma cha dramu zote mbili kipande nyuzi 400 zinatosha megajuli 2.3. Zilizobaki zilipaswa kutolewa hewani na dramu zilizojificha nyuma ya rimu, kwenye kivuli cha tumbo la mashua. Hazikuwa na pa kwenda.

Ongeza mafuta ya breki. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini hunywa unyevu wa hewa, na kiwango hicho kwa mafuta yaliyokwisha kunywa ni 140 tu. Ya trela letu hayakuwahi kubadilishwa. Tulipoyatoa yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa usiku kucha. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Pistoni inasogea lakini breki hazibanwi.

Sasa kile kishindo. Kiungo cha msukumo kina sentimita chache tu za kuingiana. Dramu ikipata joto hutanuka na kuzikimbia lainingi (pedi zinazoisugua kwa ndani), mafuta yakianza kuchemka yanabonyea, na vyote viwili vinakula zile sentimita. Zikiisha, chuma kinagonga chuma. Kile tulichosikia kilomita ya nne ni kiungo kikifika ukutani: trela likitutangazia, kwa sauti ya juu kabisa lililonayo, kwamba breki zake zinakwisha. Tangu hapo kila kilo ya msukumo ikaanza kuhamia kwenye gari. Ndiyo maana spidi ikapanda, ndiyo maana pedali ikawa nzito. Kuyumba kwa mkia ni tawi la shina hilohilo, kwa kuwa trela lisilojishika kwenye mteremko hulisukuma gari, na kitu kinachosukumwa kwa nyuma hutafuta kukunjika.

Tulisubiri saa moja na nusu. Dramu ziliposhuka chini ya nyuzi 60 tukamaliza kilomita tatu zilizobaki kwa gia ya kwanza, taa za tahadhari zikiwaka, mwendo wa baiskeli.

Yaliyokutwa bondeni

Tulifungua habu kwenye karakana iliyokuwa tayari kufanya kazi jioni. Breki ya kushoto ilikuwa imelegea marekebisho yake, hivyo ya kulia ilibeba zaidi. Ndipo tukaelewa tofauti ya nyuzi 77. Sili ya habu ya kulia ilikuwa imekauka kama ganda, grisi imeyeyuka na kuchuruzikia lainingi. Beringi yenyewe ilikuwa bado nzima, ila grisi iliyosalia ilikuwa na weupe wa maziwa, dalili ya maji. Haya ni mazoea ya gatini: unafika na habu zenye moto wa safari, unazizamisha hapohapo, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Kama tungeunganisha safari bila kufungua, naamini beringi ile ndiyo ingekuwa kisa cha pili, pengine kilomita mia mbili mbele, na gurudumu lingetupita.

Asubuhi tulipita kwenye mizani ya malori. Karatasi za mashua zinasema kilo 1,450, trela 480. Jumla 1,930. Mizani ilisema 2,620. Nahodha aliomba ipimwe tena. Kilo 690 hazikuibiwa na mtu. Tulizipakia wenyewe: lita 80 za maji ya kunywa, injini ya nyuma kilo 45, betri mbili, nanga na mnyororo, matanga, jiko, sanduku la vifaa, petroli ya akiba. Na uzito wa kwenye karatasi ni wa mashua ikiwa tupu kabisa, kabla haijafungwa hata kamba. Tukatenganisha gari na kupima uzito unaokaa kwenye tufe: kilo 140, asilimia 5.3 ya trela. Wamarekani hupendekeza 10 hadi 15. Ulaya, ambako magari huruhusiwa uzito mdogo hapo mbele na mwendo wa kuvuta ni wa chini, huridhika na pungufu ya hapo. Kwa trela refu lenye injini ikining'inia tezini, kwenye mteremko, nilitaka zaidi.

Kulisahihisha kulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Maji yalimwagwa. Injini ya nyuma ilihamia ndani ya gari, na kwa kuwa ilikuwa mita 3 nyuma ya ekseli, kuiondoa pekee kuliongeza kama kilo 25 kwenye tufe. Kisha tukasogeza nguzo ya winchi na mashua nzima sentimita 10 mbele, nayo ikaleta kama kilo 38. Vitu vingine vya kilo 95 vilibaki nyuma kwa mtu wa kuaminika. Trela likawa kilo 2,400, tufe likabeba karibu 200, kiwango ambacho gari linaruhusu. Sijui ushauri mwingine wa kuvuta mashua unaolipa zaidi kwa saa mbili za kazi.

Kilele cha tatu tulikivuka na breki zilezile zikiwa na lainingi mpya, mafuta mapya na marekebisho sawa pande zote. Tulishuka kwa 35, tukisimama kila kilomita tatu na kipimajoto. Ilikuwa safari ya kuchosha na kila mtu nyuma yetu alituchukia. Joto la dramu halikuzidi nyuzi 190.

Ubishi wa swichi

Baada ya safari tuliamua kubadilisha breki, na hapo tukakutana na ushauri ambao bado unanikera. Matrela ya msukumo yana tatizo moja la kurudi nyuma: ukirudisha, gari linalisukuma trela, kiungo kinaingiana, breki zinabana. Kwenye dramu kuna utaratibu wa ndani unaolegeza gurudumu likizunguka kinyume. Kwenye breki za diski hufungwa vali ya umeme iliyounganishwa na taa ya kurudi nyuma, inayozuia mafuta yasifike. Mtu mmoja mwenye uzoefu mrefu alitushauri tufunge diski, tubaki na msukumo, kisha tuipe vali hiyo swichi ndani ya gari. Mteremko ukifika unabonyeza, breki za trela zinajitoa, zinabaki baridi, na injini inashika kila kitu. Ukizihitaji unaachia.

Kwa maelezo inavutia. Nahodha aliipenda. Mimi nilikataa, na sababu yangu ni hesabu ya juu. Ukizitoa breki za trela, megajuli 18 hazipotei, zinahamia kwenye injini na breki za gari lenye kilo 2,700, ambalo sasa linasukumwa na kitu chenye uzito unaokaribia wake. Na siku utakayozihitaji ni siku ya dharura, mikono yote miwili kwenye usukani. Nani atakumbuka swichi? Juu ya hayo, trela lisilo na breki ndilo hasa lililoyumba pale konani. Kukinunua kile kilichotutisha na kukifungia swichi sikuona maana yake.

Tulichofunga ni pampu ya umeme inayosukuma mafuta ya breki, ikakaa juu kwenye shingo ya trela mahali ambapo maji ya gatini hayafiki, na diski kwenye magurudumu yote manne. Kidhibiti kipo karibu na goti la dereva. Akishuka kwa gia, breki za trela hazishiki hata kidogo. Akikanyaga pedali, zinashika kwa kiwango alichokipanga. Kamba ya dharura inazibana zenyewe trela likichomoka. Ni ghali, hilo silifichi, na kwa mtu anayevuta mashua yake barabara tambarare mara mbili kwa mwaka nisingemshauri. Huyo abadilishe mafuta ya breki, afungue habu kila mwaka, apunguze mzigo, na achague spidi ya kushukia akiwa bado kileleni.

Kwa mfumo mpya, namna ya kukanyaga nayo ilibadilika. Mwongozo wa madereva wa malori wa Marekani unafundisha hivi: jipangie spidi salama, ukiifikia kanyaga kwa uthabiti mpaka ushuke kama kilomita 8 kwa saa chini yake, achia kabisa, subiri ifike tena. Kukanyaga kidogo kidogo bila kuachia kunahisi kuwa ni uangalifu, lakini ndicho hasa dramu zetu zilichofanyiwa na kiungo kwa kilomita kumi.

Kurudi

Miezi mitano baadaye tulirudi kwa barabara ileile. Kilele cha pili sasa kilikuwa upande mwingine, mteremko mfupi kidogo na mkali kidogo. Gia ya pili tangu kileleni, 45 kwa saa, kukanyaga na kuachia. Kwenye kilomita ya tano nyuma yetu kikalia kishindo cha chuma, kimoja, kizito.

Hatukusemezana. Nahodha aliweka taa za tahadhari, akatafuta upana wa bega la barabara, akasimama. Nikashuka na kipimajoto, nikazunguka magurudumu yote manne: 131, 128, 119, 124. Nikashika kiungo, kimekaza. Nikakagua mikanda, mnyororo, nguzo ya winchi. Nikapanda juu ya shingo ya trela na kufungua sanduku la omo.

Safari hii ilikuwa nanga.